Spika zinapiga mluzi nikikanyaga mafuta

MtuWaUmoja: Wadau, amplifaya ya chaneli 4, wati 75 kila moja kwa omu 4. Mluzi unapanda na injini. Negativu nimefunga kwa bolti ya mkanda wa kiti cha nyuma. Halafu geini (kirekebishi cha kulinganisha amplifaya na redio) niiweke wapi?

Waya_Tupu: Hiyo bolti ndiyo mshukiwa wa kwanza, ina rangi na gundi. Kwaruza bodi kwa msasa hadi chuma king'ae, funga teminali ya duara, waya usizidi sentimita 50 na unene uwe sawa na wa positivu. Kisha paka grisi, kutu isiingie. Fyuzi iko karibu na betri? Ikiwa nyuma kwa buti, waya ukichunika njiani utawaka moto.

fundi_ngara: Kabla ya kukwaruza, chomoa RCA (nyaya za sauti kutoka redio) kwa amplifaya injini ikinguruma. Mluzi ukiisha, unaingia kupitia redio au hizo RCA. Zipitishe upande mwingine, mbali na waya wa betri. Na ukinunua waya mtaa wa Luthuli, Nairobi, kwaruza uzi mmoja kwa kisu: ukiwa mweupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba.

Waya_Tupu: Geini: chomoa spika, zima bezi na filta zote, redio robo tatu. Cheza toni ya hezi 100, pima volti za AC kwa multimita pale spika zinapofungwa kwa amplifaya, ukipandisha geini polepole. Wati 75 mara omu 4 ni 300, kipeuo chake cha pili ni volti 17.3. Ukifika hapo simama. Geini si volyumu, jamani.

MtuWaUmoja: RCA zimetoka, mluzi bado. Naleta msasa.