Darubini za kutazama nyota: watu wa Dodoma na jirani, mlianza na ipi? Tupeane uzoefu

Wakuu, kiangazi kimekolea na mawingu hakuna. Naanza na aibu yangu. Darubini ya kwanza niliinunua kwa kudanganywa na boksi: "mara 525", na picha ya sayari ya Zohali inang'aa. Lenzi milimita 60 tu. Baadaye ndiyo nikajua kila milimita ya upana inabeba ukuzaji wa mara 2 hivi, kwa hiyo yangu mwisho wake ni mara 120. Ukizidisha unakuza ukungu. Na stendi ilivyo nyepesi, mbwa akipita uani Zohali inacheza ngoma. Nyie je?

Wa Ihumwa: Pole mkuu. Mimi nina binokula ya mtumba, inakuza mara 10, lenzi milimita 50. Nalala chali kwenye mkeka. Nikiiegemeza ukutani, miezi 4 ya sayari ya Mshtarii naiona. Mwezi nautazama ukiwa nusu. Ukiwa mpevu vivuli vya mashimo havipo.

Wa Nzuguni: Kaka alinitumia kutoka Ujerumani darubini ya kioo (inakusanya mwanga kwa kioo kilichopinda, si kwa lenzi), milimita 130, na stendi ya ikweta, ile ambayo mhimili wake unaulenga kwenye ncha ya mbingu, pale nyota zinapoonekana kuzunguka, ili ifuate nyota. Kitabu kinasema tafuta Nyota ya Kaskazini. Jamani, tuko nyuzi 6 kusini, nyota hiyo kwetu imezama! Ncha yetu ya kusini nayo iko nyuzi 6 tu juu ya ardhi. Nikiinamisha mhimili hadi huko, chuma cha uzito kinagonga mguu wa stendi. Nikaiweka stendi stoo, seremala akanichongea sanduku la mbao linalozunguka na kupandisha darubini juu na chini. Mtindo huo unaitwa Dobsonian. Halitikisiki, na sijutii.

Wa Chamwino: Giza ninalo la kutosha, shida yangu vumbi. Mwaka wa kwanza nilifuta lenzi kwa khanga, mikwaruzo ipo mpaka leo. Sasa napuliza kwa kipampu cha mpira, basi. Na kama boksi lina kale kakioo cheusi ka kutazamia jua kwenye lenzi ya jicho, tupa. Joto linakapasua huku jicho likiwa pale pale.

Mwanzisha mada: Ninako, kesho nakavunja. Wa Nzuguni, huyo seremala yuko mtaa gani, na alikutoza kiasi gani?