Main Beach ya East Hampton: asiyekaa pale anaingiaje?

MamaWawili

Wakuu habari zenu. Naomba msaada kwa mnaokaa New York au mliowahi kufika Long Island kule mwisho mwisho. Mama mkwe yuko kwetu tangu Mei na anaondoka mwisho wa Julai, kila siku ananiambia anataka kuiona bahari ya huku kabla hajaenda, sio mto sio bandari, ile Atlantiki yenyewe. Mume wangu akasema tumpeleke Main Beach, East Hampton, maana mtu wa kazini kwake kamwambia ndo bichi nzuri kuliko zote za huku. Sasa nimeanza kusoma hadi nimechoka, mara kibali cha wakazi, mara vibali vimeisha, mara wikendi haiwezekani, nimefika mahali najiuliza hii bichi ni ya watu binafsi au vipi?

Tuko Bronx, gari tunalo, watoto wawili mmoja 9 mwingine 5, mama ana miaka 67 na goti la kulia linamsumbua hawezi kutembea mbali mchangani. Je tunaingia kweli au tutarudishwa? gari tunaweka wapi? na maji yale watoto wanaweza kuogelea? Aliyewahi kufika anisaidie tafadhali, nisimfikishe mama wa watu mlangoni halafu tugeuze.

KakaWaQueens

Dada usife moyo, mnaingia. Watu wengi wanachanganya mambo mawili hapo. Mchanga haulipiwi, hakuna geti wala mtu wa kukuuliza unakaa wapi, ukija kwa miguu unapita unatandika taulo lako unakaa. Kinacholipiwa ni mahali pa kuweka gari. Hivyo vibali unavyovisoma vyote ni vya paking, vya wasio wakazi ni vichache, vya msimu mzima vinauzwa mamia ya dola na vinaisha mapema kabla hata joto halijaanza, kwa hiyo hivyo achana navyo kabisa.

Sisi tulienda siku ya Jumatano, tukalipia paking ya siku moja palepale Main Beach, tulifika kama saa mbili na nusu asubuhi na nafasi zilikuwepo, saa nne ilikuwa pameshajaa magari yanazunguka tu. Wikendi mimi nisingejaribu na gari. Ingia tovuti ya kijiji cha East Hampton siku chache kabla uangalie bei na siku zinazoruhusiwa maana wanabadilisha kila mwaka, usitegemee post za zamani.

Na tafadhali usije ukaacha gari mtaa wa pembeni ukasema ni dakika tano nashusha vitu. Mitaa ile ukiiangalia ni kimya, nyumba zimejificha nyuma ya ua wa miti uliokatwa sawasawa kama ukuta, unaona nafasi tele, lakini vibao vya kukataza vipo na wanapita. Rafiki yangu alirudi kwenye kijiji kimoja cha huko akakuta gari limeshavutwa, siku nzima ya mapumziko ikaishia kutafuta gari lilikopelekwa, watoto wana mchanga hadi masikioni wanalia njaa.

Kama lazima iwe Jumamosi basi fikiria Coopers Beach, hiyo iko kijiji cha Southampton, mnaifikia kabla ya East Hampton. Pale wanauza paking ya siku kwa mtu yeyote, mwaka tuliokwenda sisi ilikuwa dola 50, ni hela nyingi nakubali, ila gari ni moja na mko watano, mkigawa haimuumizi mtu.

Nesi_Amina

Nachangia upande wa maji maana hapo ndo naona watu wetu wanakosea.

Dada kama umekulia pwani ya kwetu, umezoea bahari ambayo mwamba unavunja wimbi mbali kule, likifika ufukweni limeshachoka. Huku hakuna mwamba. Wimbi linatoka Atlantiki wazi linakuja linavunjikia palepale kwenye mchanga, na ufukwe umeinama, mtu mzima maji yako magotini hatua mbili mbele yako kifuani. Hilo wimbi la ukingoni ndilo linaloangusha watoto na hata watu wazima kichwa kikatangulia, shingo zinaumia hivyo. Wa miaka 5 mshike mkono muda wote, sio kumwangalia tu, mshike.

Jingine ni mkondo unaovuta kwenda nje. Kabla hamjaingia simameni juu kidogo muangalie maji dakika kumi. Ukiona sehemu mawimbi yanavunjika kushoto na kulia lakini katikati pametulia, maji yana rangi ya mchanga na povu linakwenda kinyume, linatoka kuelekea baharini, hapo ndipo mkondo ulipo ingawa pametulia panavutia kuliko pengine. Ukikushika usipigane nao kurudi moja kwa moja, utachoka na uchovu ndio unaoua, ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye huo mstari halafu ndo urudi, au elea upunge mkono. Mfundishe wa miaka 9 mapema mkiwa nyumbani, mchoreeni kwenye karatasi, pale mawimbi yanapiga kelele hatakusikia.

Ogeleeni mbele ya walinzi, katikati ya bendera zao. Kijani sawa, njano kwa tahadhari, nyekundu hakuna kuingia. Wakishaondoka jioni msiingie hata kama maji yako shwari.

Na baridi! Mwezi wa saba mwanzoni maji yale bado yanauma mifupa ya miguu, yanapata joto kiasi Agosti hadi Septemba mwanzoni. Ila Agosti mwishoni na Septemba kimbunga kikiwa mbali kabisa kusini huku jua linawaka na mawimbi yanakuja makubwa, usiku mtu analala akijua hali ya hewa nzuri asubuhi bendera nyekundu.

Halafu kupe. Msipite kwenye majani marefu ya vilima vya mchanga, kwanza hairuhusiwi maana hayo majani ndiyo yanayoshika mchanga usipeperuke, pili kupe wamejaa. Mashariki ya Long Island kuna ugonjwa wa Lyme unaoletwa na kupe, na kuna kupe mwingine ana doa jeupe mgongoni akikuuma unaweza kupata mzio wa nyama nyekundu. Jioni mkifika nyumbani vueni watoto muangalie nyuma ya magoti, kwapani, nyuma ya masikio na kwenye mstari wa nywele. Mimi niliwahi kumtoa mmoja kwenye soksi ya mwanangu, mdogo kama mbegu ya ufuta, ningedhani ni uchafu asingetembea.

MzeeWaMontauk

Nimefanya kazi huko majira kumi na moja ya joto, bustani na jikoni, acha niongeze kidogo.

Wanasema bichi nzuri kuliko zote, hilo lina chanzo. Kuna profesa wa Florida International University, Stephen Leatherman, watu wanamwita Dr. Beach, anatoa orodha ya bichi bora za Marekani kila mwaka. Coopers Beach aliiweka namba moja 2010, na Main Beach namba moja 2013. Kwa hiyo mtu wa kazini kwa mumeo hakudanganya.

Kuhusu bichi ni ya nani. KakaWaQueens kasema kweli lakini sio kila mahali. East Hampton ina kitu maalumu, hati ya gavana Thomas Dongan ya mwaka 1686, hiyo ndiyo iliyowapa wadhamini wa mji mamlaka ya kushika ardhi ya pamoja kwa niaba ya watu, na bodi hiyo ya wadhamini ipo mpaka leo inachaguliwa kwa kura. Ndiyo maana unaona majumba ya mamilioni yamejipanga lakini mbele yake wewe na taulo lako mmekaa na hakuna wa kukuondoa. Ila kuna kipande cha ufukwe wa Napeague, mji huohuo, watu walikuwa wanaingia na magari yao mchangani miaka nenda rudi, mwaka 2021 mahakama ya rufaa ikaamua ni mali ya wenye nyumba. Iliwauma sana watu wa pale, wavuvi hasa, na mimi iliniuma maana najua familia ambazo babu zao walivuta nyavu hapo. Kwa hiyo bichi za vijiji hazina shida, ila mkitembea mbali fuateni vibao.

Sasa siri yangu ya mama mwenye goti. Kibali cha paking kijijini kinatakiwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Septemba, lakini ni saa tatu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni tu. Mkifika saa kumi na mbili na robo jioni ya Julai jua bado lipo zaidi ya saa zima na nusu, mnapaki bure, karibu kabisa na mchanga, mama anaketi kwenye jengo la bichi lile lenye baraza akiangalia bahari bila kutembea. Mwanga wa saa hiyo ni mzuri mno, mchanga unakuwa rangi ya asali. Hamtaogelea, hilo msijaribu, lakini kama lengo ni mama aione bahari basi ameiona.

Au njooni na treni. LIRR, yaani treni ya Long Island, ya kuelekea Montauk, mnabadilisha stesheni ya Jamaica kule Queens mara nyingi, zaidi ya saa mbili na nusu. Toka stesheni ya East Hampton hadi Main Beach ni maili moja na nusu hivi, kwa mama chukueni teksi. Anayeweza kutembea atembee, unapita kidimbwi cha Town Pond na makaburi ya zamani pembeni yake, halafu unashika Ocean Avenue unaanza kusikia bahari kabla hujaiona.

MamaWawili

Asanteni sana jamani, shikamoo MzeeWaMontauk. Swali moja, kuna ndege wanaozungushiwa kamba mchangani? mwanangu mkubwa kasoma shuleni anataka kuwaona.

MzeeWaMontauk

Marahaba binti. Ndio, piping plover, kadogo karangi ya mchanga mkavu, wanalindwa na sheria ya Marekani tangu 1986. Wanataga mchangani wazi kabisa ndo maana wanawekewa kamba. Vifaranga ni kama pamba yenye miguu, vinakimbia halafu vinasimama ghafla huvioni tena. Msikaribie kamba, kaeni mbali mtulie vitatokea vyenyewe.

MamaWawili

Nimerudi kutoa mrejesho. Tulikwenda Jumanne, tukatoka Bronx saa kumi na moja asubuhi kukwepa foleni ya barabara ya 27, paking ya siku tukapata. Bendera ilikuwa njano. Mama alikataa kiti akavua viatu akasema goti litajua lenyewe, nikamshika mkono huu mume wangu mkono ule, wimbi la kwanza likamfika kwenye vifundo akaruka akapiga kelele "uwii barafu!" mpaka mlinzi akageuka kutuangalia. Halafu akakaa pale ukingoni kama nusu saa hataki kutoka, kanga yote imelowa. Mtoto alimwona plover mmoja, mkubwa, vifaranga hatukuviona.

Nesi Amina, tulikagua wote jioni, kupe hakuna. Kwa wanaofuata: chukueni masweta, upepo wa saa kumi jioni ni baridi hata jua likiwaka, na chakula beba chako maana foleni ya kibanda saa saba mchana ilikuwa ndefu sana, watoto wadogo hawaiwezi.

KakaWaQueens

Safi dada. Mlitumia saa ngapi kurudi?

MamaWawili

Masaa matatu na nusu, tulitoka saa kumi na moja jioni tukakuta Southampton gari haziendi. Mama alilala njia nzima na kanga yake imelowa mapajani.