Rasi ya Kintyre kule Scotland: siku tatu na mama mkwe mwenye goti bovu, tutawezana?

kijana_wa_kisauni
Wadau habari zenu. Tuko Glasgow mimi na wife, mwisho wa mwezi wa sita mama mkwe anatua kutoka Mombasa. Edinburgh alishapelekwa safari iliyopita akasema ngazi tupu na watu tele, sasa anataka bahari basi. Nimeona kwenye ramani hii rasi ya Kintyre, mwisho wake mji wa Campbeltown, watu wachache naskia na historia kibao. Gari ninalo. Barabara ikoje? Kuna kasri au mapango yasiyotaka kupanda mlima manake goti linamsumbua? Na kile kisiwa chenye picha pangoni ni kweli mnavuka kwa miguu? Alafu chakula, nyama hatuli kama si halali.

muuguzi_paisley
Karibu sana kaka. Njia ni A82 kando ya Loch Lomond, kisha A83 mpaka mwisho, weka masaa manne pamoja na kusimama ukiwa na mzee. Pale mlimani Rest and Be Thankful udongo huwa unaporomoka mvua ikipiga, wanafunga barabara wanawapitisha ile njia ya zamani ya bondeni kwa zamu, kwa hiyo asubuhi kabla hamjatoka angalia hali ya barabara kwanza.

Ushauri wangu usikimbilie Campbeltown siku ya kwanza. Mkifika Lochgilphead kateni kulia kidogo mwende Kilmartin, lile bonde lina mawe ya kusimamishwa na makaburi ya kale ya maelfu ya miaka, ya Temple Wood yako tambarare kabisa hatua chache kutoka parking, mama atatembea bila shida. Dunadd ni kilima, hapo panda wewe mwenyewe: juu kuna unyayo umechongwa kwenye mwamba, inasemekana wafalme wa Dál Riata, ufalme wa kale wa huku, walikuwa wanaweka mguu pale wakitawazwa, na wewe unaweza kuweka wako (unaouona ni nakala, wa asili uko chini yake). Mama mwache kwenye mfereji wa Crinan aangalie mashua zinavyopandishwa na kushushwa kwenye yale malango ya maji, mfereji ni wa 1801 na ulichimbwa vyombo visizunguke rasi yote. Mimi pale naweza kukaa siku nzima wallahi.

mpemba_ughaibuni
Kisiwa ni Davaar. Ndiyo mnavuka kwa miguu maji yakipwa, kuna ukingo wa kokoto unatokeza, lakini sikushauri na goti hilo, mawe yanateleza na ukishavuka bado unazunguka kisiwa kwenye miamba mpaka ufike pangoni. Picha ni ya Yesu msalabani, aliichora Archibald MacKinnon mwaka 1887, mwalimu wa sanaa wa pale pale, akaifanya kimya kimya, watu walipoikuta wakadhani ni muujiza. 1934 akarudi mzee kaisha akaipaka rangi upya. Ukienda peke yako chukua jedwali la maji la Campbeltown usijifanye mtu wa pwani unakisia bamvua kwa kuangalia mwezi, maji yakigeuka utalala na mbuzi wa mwitu.

Lakini mnara wa taa wa Mull of Kintyre msikose! Umewashwa tangu 1788, na Ireland iko kilomita 20 tu ng'ambo, siku nyeupe unaiona hiyo hapo.

muuguzi_paisley
Mpemba na wewe, umesoma hilo swali? Gari linaachwa juu, kutoka hapo ni mteremko mkali zaidi ya kilomita moja na nusu, kushuka goti linalia kupanda linagoma. Bora kijiji cha Southend kusini mwa rasi, barabara inapita pembeni ya pwani. Pale kuna mwamba wa Dunaverty, zamani ngome ya ukoo wa MacDonald. 1647 jeshi la jenerali David Leslie likaizingira likakata maji, waliokuwa ndani wakajisalimisha kwa kiu, wakauliwa karibu 300. Ngome yenyewe haipo tena, ni mwamba na majani, ila ukishajua kisa hupaangalii vilevile.

mtaita_wa_voi
Naingilia kidogo. Campbeltown ndo alikozaliwa William Mackinnon, 1823, yule wa Imperial British East Africa Company iliyopewa hati 1888 ikachukua pwani yetu kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar. Mackinnon Road unayopita ukienda Voi, pale madereva wanaposimama msikiti wa Sayyid Baghali Shah kuomba dua, jina ni lake huyo. Alianza karani wa duka la vyakula, akaenda India akawa na meli. Akajijengea jumba Balinakill pale Clachan, mnalipita njiani kwenda Campbeltown. Kampuni ilimshinda, serikali ikaibeba 1895 yeye keshakufa miaka miwili nyuma. Mama mkwe wako lazima amepita Mackinnon Road mara mia, mwambie uone atasema nini.

kijana_wa_kisauni
Hahaha huyo mtaita kaniua, mama kila safari ya Nairobi lazima atoe sadaka pale, sasa nitamwambia vipi jina la pale ni la bwana wa kampuni 😂 Clachan tunasimama. Mnara nauacha, samahani mpemba. Chakula je?

mpemba_ughaibuni
Sawa bwana. Chakula usiogope, Tarbert ni bandari ya wavuvi, samaki na kamba wa kumwaga, uliza tu wanakaanga kwa mafuta gani. Na hapo Tarbert mpe mama kisa cha Magnus mfalme wa Norway, 1098, aliambiwa visiwa vyote anavyoweza kuvizunguka kwa chombo ni vyake, akakaa kwenye usukani akaburutwa na chombo chake nchi kavu kutoka maji mpaka maji, akadai Kintyre nayo ni kisiwa. Ujanja wa nahodha huo!

muuguzi_paisley
Bebeni dawa ya usubi, jioni pasipo upepo wanauma mpaka kichwani. Pale Machrihanish ufukwe mrefu mzuri lakini msiogelee, mkondo una nguvu. Na mwambie mama mapema kwamba mwezi wa sita magharibi inaingia saa nne usiku na ushee, asije akadhani saa yake imeharibika.