Tupeane uzoefu: kusafiri na watoto Kigoma na Tabora, yalikukuta nini njiani na sasa unafanyaje?

Mama wa Mwanga
Habarini wana Kigoma na Tabora. Shule zinakaribia kufungwa na najua wengi tutasafiri na watoto, naomba tupeane uzoefu wa kweli, yaani kilichokukuta wewe mwenyewe sio cha kusikia. Naanza mimi.

Mwaka juzi tulikuwa tunarudi kutoka Dar na treni, mimi, baba watoto, wifi yangu na watoto watatu. Tumefika Tabora usiku, na mnaoijua treni yetu mnajua pale inakaa sana maana mabehewa yanakatwa, ya Mwanza yanaenda kwao na ya Kigoma yanaungwa upya. Nikashuka kutafuta maji ya moto ya uji wa mdogo, baba yao naye kashuka kunyoosha miguu, wifi kalala. Narudi, wa kati hayupo, ana miaka 5. Namuuliza baba yake anasema si alikufuata wewe? Na mimi najua yuko na yeye. Jamani miguu iliisha nguvu palepale. Tumekimbia behewa hadi behewa tunaita, watu wanaamka wanauliza kuna nini, mwisho tukamkuta behewa la Mwanza kakaa na bibi mmoja kamfunika kitenge, anakula karanga. Bibi alishamuuliza mama yako anaitwa nani, akajibu "mama". Baba je? "Baba". Mnakaa wapi? "Nyumbani". Mtoto anahesabu mpaka mia lakini jina la mama yake hajui, maana nyumbani nani anamtajia? Nililia mbele za watu. Yule bibi Mungu amtunze, alikataa kumtoa mikononi kwake mpaka mtoto aliponikimbilia mwenyewe.

Sasa hivi tukishuka popote tunatamkiana kwa mdomo, huyu yuko na mimi, mwenzio anaitikia sawa yuko na wewe. Asipoitikia hujamkabidhi mtu.

Mzee wa Reli
Pole sana mwanangu. Nimekula mkate wa reli miaka mingi kabla ya kustaafu na hilo la Tabora nimeliona zaidi ya mara moja. Kwa mtoto mabehewa yote yanafanana. Mwandikieni namba ya behewa mkononi kwa peni, na mfundisheni akipotea asitembee, asimame hapohapo aite, maana akitembea na nyinyi mnatembea mtapishana. Usiku mtoto alale kitanda cha chini na dirisha lifungwe kabla hamjaingia stesheni. Na treni ikianza kusogea msithubutu kumrukisha mtoto, bakini wote, treni nyingine itakuja.

Dada wa Urambo
Yangu ni ya basi, njia ya Uvinza kuja Kaliua. Basi limesimama porini watu wakachimbe dawa, nikampeleka binti yangu wa miaka 7 nyuma ya kichaka, nikamwambia ukimaliza njoo, nikarudi kumwangalia mdogo wake niliyemwacha kwenye siti. Konda kapiga bodi, gari likaondoka. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, limesimama kama mita mia mbele na mwanangu anakuja mbio kiatu kimoja mkononi analia. Konda hakuhesabu mtu hata mmoja. Siku hizi nikiwa peke yangu na watoto tunashuka wote hata aliyelala namwamsha, na kabla ya kushuka namwambia konda mbele ya abiria mimi nina watoto wawili usiondoke hujaniona. Abiria wakishasikia na wao wanakuwa walinzi wako.

Kingine, nunueni siti ya mtoto kama hela ipo. Kumpakata halafu mkafunga mkanda mmoja nyinyi wawili ni hatari, gari likifunga breki ghafla uzito wako wote unamwangukia yeye.

Mvuvi wa Kibirizi
Ziwani sijaona mtu kagusa. Ndugu zangu, kina mama wengi wakipanda boti hapa kwenda vijijini wanamfunga mtoto mgongoni kwa kanga wakiamini ndio usalama. Chombo kikipinduka mtoto anakuwa chini ya maji na wewe huwezi kumfungua. Mweke mbele, kanga uwe umeilegeza, na mvalishe boya la saizi yake kabla hujakanyaga boti, sio mkishafika katikati. La mtu mzima halimfai. Mjaribu hivi, likishafungwa shika mabegani ulivute juu, likipanda mpaka masikioni ni kubwa, akitumbukia litamponyoka. Zuri lina mkanda wa kupita katikati ya mapaja. Na kuanzia Mei mpaka Septemba upepo wa kusini unakuwa mkali, nahodha akisema leo hatutoki usimbembeleze kwa sababu umeshalipa nauli. Mimi nilimpoteza mtoto wa kaka yangu kwenye maji haya, ndio maana naandika kirefu.

Mama Pacha
Pole sana kaka, nimesoma nimekaa kimya kwanza.

Nina swali, wanangu nimewaandika majina kwenye mashati, ni sawa?

Mzee wa Reli
Hapana mama. Jina likiwa nje mtu yeyote atamwita kwa jina na mtoto ataamini ni ndugu. Andika namba ya simu tu, kwa ndani ya shati. Na mkipata tatizo la mtoto, simu 116 ni ya kusaidia watoto na ni bure, na polisi ulizeni dawati la jinsia na watoto.

Mama wa Mwanga
Asanteni sana wote. Kaka wa Kibirizi, pole kwa kweli. Sisi Ijumaa tunapanda boti kwenda kwa bibi yao, kesho naenda kutafuta maboya matatu ya watoto, nitawavalisha na kuwavuta mabegani hapohapo dukani. Jioni hii nimemuuliza wa kati mama yako anaitwa nani, kataja majina yangu yote matatu. Kwenye namba ya simu karuka tarakimu moja, tunairudia tena kabla hajalala.