Bega la dogo linachomoka kila mara: tukubali upasuaji wa matundu?

Mwalo_Kibirizi
Habari zenu wakuu. Mdogo wangu ana miaka 22, anavuta nyavu za dagaa hapa Kigoma. Bega la kulia limezoea kuchomoka kwa mbele, siku hizi hata akivaa shati linatoka. Daktari ametaja upasuaji wa matundu, Dar. Tuna eksirei tu. Tuulize nini kabla ya kukata tiketi, na atakaa bila kuvua muda gani?

Gegedu
Mpeni pole. Kwa umri huo na hali hiyo, kuchua hakusaidii kitu. Bega likitoka kwa mbele hubandua labramu, ule ukingo laini unaozunguka kikombe cha bega. Kwenye upasuaji kamera inapita tundu la nyuma, vifaa vinapita mbele. Daktari anakwangua mfupa mpaka utoe damu kidogo ili ukingo upate pa kushika, halafu anazamisha nanga ndogo zenye uzi, mara nyingi tatu au nne, na kuufunga ukingo mahali pake.

Ila hapo kinachotengenezwa ni ukingo. Mfupa uliolika haurudi, na bega linalotoka kwa kuvaa shati tu linanitia shaka ya mfupa. Ombeni CT, kipimo cha picha za mfupa kwa undani kuliko eksirei, yenye picha za 3D. Kikombe kikiwa kimepungua kama asilimia 20 hadi 25 ya upana wake, nanga peke yake hazitoshi, bega litatoka tena. Hapo wengi huchagua Latarjet: kipande cha korakoidi, ncha ya mfupa iliyo mbele ya bega, kinahamishwa na kano zake, kinakazwa kwa skrubu mbele ya kikombe. Waangalie pia bonde nyuma ya kichwa cha mfupa wa mkono. Likiwa linanasa kwenye ukingo wa kikombe, kano ya nyuma hushonewa humo.

Ulizeni hospitali ya Maweni hapo Kigoma kuhusu CT kabla ya safari. Mkiondoka bebeni picha zenyewe kwenye CD, karatasi ya majibu peke yake haimtoshi mpasuaji.

Mwalo_Kibirizi
Ahsante mkuu. Na baada ya hapo?

Fizio_Ujiji
Slingi, kitambaa cha kuning'iniza mkono shingoni, wiki 4 hadi 6, analala nayo. Vidole, kifundo cha mkono na kiwiko anachezesha mapema. Kuosha kwapa, ainame mkono uning'inie, asiunyanyue. Mkao wa kurusha jiwe, mkono juu pembeni umegeukia nje, ni mwiko mpaka mtaalamu amruhusu, maana ndio unaovuta nyuzi moja kwa moja. Mazoezi ya nguvu kuanzia kama wiki ya 12. Nyavu na makasia, miezi 6.

Wengi huharibu maumivu yakiisha, wakidhani wamepona. Ziwa likifungwa kwa uvuvi kama ilivyokuwa katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, huo ni wakati mzuri wa kufanyiwa, lakini miezi mitatu hiyo ni nusu tu ya safari. Pangeni atakula nini iliyobaki.

Gegedu
Ana kifafa? Kama anacho kidhibitiwe kwanza, degedege moja linaweza kung'oa nanga. Pia daktari apime hisia za ngozi ya nje ya bega na kuandika kwenye faili kabla ya upasuaji. Neva ya hapo huumia bega linapochomoka, isije ikadaiwa ni kisu. Na bei: ulizeni nanga moja ni shilingi ngapi na kama bima inazilipa.

Mwalo_Kibirizi
Kifafa hana. Tunaanza na CT.