Bima ya boti Lamu: kubwa, ya abiria pekee, au takaful?

Mkomani_Kijana: Asalaam alaikum jamaa. Nimenunua boti ya faiba, futi 23, mashine ya Yamaha 40. Nataka kuikatia bima kabla ya msimu wa wageni. Wakala kanipa njia tatu: bima kubwa, yaani boti, mashine na abiria; ya abiria na watu wengine pekee; au takaful, yaani bima ya Kiislamu. Ile kubwa inauma mfukoni. Wenye uzoefu, mwaonaje?

Kasa_wa_Kiunga: Waalaikum salaam. Umeuliza nusu swali, ndugu yangu. Boti ya kazi gani? Unavua, unavusha watu, au ni ya kutembeza familia? Iko kwa jina la nani? Nahodha ana leseni? Bila hayo twapiga ramli.

Binti_Shela: Takaful, wala usifikiri mara mbili. Mchango wako unaingia mfuko wa pamoja, kampuni inausimamia kwa ada, na ziada ikibaki hurudi kwa wanachama. Kenya tunayo tangu 2011. Riba ya nini tena?

Wakili_Mwembeni: Kwa dini sawa, dada. Ila fomu ya takaful nayo ina maswali, na ukificha jambo huko pia hulipwi.

Mama_Zamzam: Hapo kwa kuficha, nisikilize mwanangu. Kakangu huku Malindi alikuwa na boti ya kupeleka wageni hifadhi ya bahari kutazama samaki. Fomu ya bima aliijaza wakala, yeye akatia sahihi tu. Penye matumizi pakaandikwa "binafsi", maana binafsi ni nafuu. Akawa analipa kila mwaka, risiti zinatoka, hakuna aliyemuuliza kitu. Usiku mmoja wa kusi kamba ya nanga ikakatika, boti ikapigwa mwambani, ubavu ukafunguka na mashine ikanywa maji ya chumvi. Mkaguzi wa kampuni akaja, mpole kabisa, akanywa na chai. Akapiga picha viti vilivyopangwa safu mbili, rundo la jaketi za kuokolea, na ubao wa bei ulioandikwa Kitaliano. Kumbe ule ubao ndio uliommaliza. Barua ikaja: bima ni batili tangu mwanzo kwa kuwa hukusema kweli. Kakangu analia, "Lakini usiku ule haikuwa na mgeni hata mmoja!" Haikusaidia. Wakala naye simu hashiki tena.

Kasa_wa_Kiunga: Wizi mtupu. Wakala si mtu wao?

Wakili_Mwembeni: Si rahisi hivyo. Ukitia sahihi, majibu ni yako. Na kama boti haikuwa na mgeni, si hoja: bei ilipangwa kwa kuamini hakuna biashara. Hiyo ndiyo nia njema kamili: kila jambo linaloweza kuifanya kampuni ikatae au ipandishe bei, unalitaja hata kama hujaulizwa. Lakini inakata pande zote mbili. Kesi ya Carter na Boehm, Uingereza 1766: gavana alikatia bima ngome ya Sumatra, Wafaransa wakaiteka, mwenye kutoa bima akadai alifichwa udhaifu wa ngome. Jaji Mansfield akampa gavana haki, kwa sababu mambo yale huyo mtoa bima angeweza kuyajua mwenyewe.

Kasa_wa_Kiunga: Sasa tuko Sumatra! Mtu kauliza boti ya Lamu.

Mkomani_Kijana: Afwan, nilikuwa majini. Navusha watu Mokowe na uwanja wa ndege wa Manda, jioni wageni wa kutazama machweo. Bado iko kwa jina la ami, nimemlipa nusu. Thamani ni milioni 1.6, lakini nataka kuandika laki nane ili ada ya bima ishuke. Kuna ubaya?

Kasa_wa_Kiunga: Upo! Umeikatia nusu, utalipwa nusu. Ukiharibikiwa kwa laki nne hupati laki nne, unapata mbili, kisha wanakata kile kiasi cha kwanza unachobeba mwenyewe. Afadhali uandike thamani kamili na ukubali kubeba kiasi kikubwa zaidi, ada itashuka kihalali.

Binti_Shela: Na hilo jina la ami? Boti ikizama atalipwa yeye.

Wakili_Mwembeni: Cheti cha usajili peke yake hakitoshi kuamua. Swali ni nani atapata hasara boti ikipotea. Umelipa nusu, una maslahi. Ami anadai nusu, naye anayo. Kwa Sheria ya Bima ya Bahari, Sura 390 ya Sheria za Kenya, maslahi hayo yawepo siku ya hasara. Andikeni mkataba wa mauzo, na majina yote mawili yaingie kwenye hati ya bima. Halafu usitoke baharini kwa ahadi ya "utalipa mwisho wa mwezi". Kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima: ada haijapokelewa, kinga haijaanza.

Mkomani_Kijana: Ami hapendi karatasi. Atasema simwamini.

Mama_Zamzam: Mwambie ni bima ndiyo inayotaka, si wewe.

Baba_Punda: Samahani nadandia. Boti ikigonga jeti, yaani gati, punda wangu akaanguka majini na saruji zangu, bima gani inanilipa?

Kasa_wa_Kiunga: Ya mwenye boti, ile ya watu wengine, akiwa nayo. Ila ukilipwa na kampuni yako kwanza, usimfuate tena mwenye boti. Haki hiyo wanaichukua wao. Hulipwi punda mmoja mara mbili.

Baba_Punda: Kwani punda naye anakatiwa bima?

Binti_Shela: Saruji ilikuwa mifuko mingapi? Maana punda mnawatwisha kupita kiasi nyinyi.

Baba_Punda: Haya, yameanza.