Mjadala: Meneja wa barabara za mitaa Mwanza ajibu kwa nani?

Ndugu zangu wa Nyamagana na Ilemela, aliyekaa Mabatini au Igogo analijua hili. Mvua ikipiga, maji yanashuka mlimani kati ya mawe, yanashika njia ya mtaa na kuichimba. Kesho yake bodaboda hapandi, mgonjwa anabebwa mgongoni hadi lami. Watu wanamfuata diwani, maana ndiye waliyempigia kura. Anawajibu: "Barabara hiyo ni ya TARURA."

Na hasemi uongo. TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ilipoanza kazi Julai 2017, barabara hizi zilitoka mikononi mwa halmashauri. Zamani mhandisi alikuwa mtumishi wa halmashauri chini ya mkurugenzi, na madiwani walikuwa na rungu la nidhamu juu yake. Leo meneja wa wilaya anapangwa na wakala, na mtendaji mkuu wa wakala anateuliwa na Rais. Meneja anakuja barazani, anasoma taarifa, anaulizwa maswali. Akishatoka mlangoni, baraza halina la kumfanya.

Sitaki wakala uvunjwe. Wanaoutetea wanasema kila diwani alivutia greda kwenye kata yake, fedha zikamegwa vipande vipande, kila kata ikapata kipande cha changarawe kinachoondoka na masika. Hoja hiyo ina uzito, na mhandisi anastahili kulindwa dhidi ya shinikizo la namna hiyo. Lakini kumlinda si sawa na kumweka mahali ambapo mwananchi hamfikii.

Mtaniambia ipo Bodi ya Barabara ya Mkoa. Ipo, na wabunge wanaketi humo. Mwenyekiti wake ni mkuu wa mkoa, naye ni mteule wa Rais. Panda ngazi yoyote iliyo chini ya Rais mwenyewe: hukutani na mtu uliyempigia kura mwenye kauli juu ya nafasi ya meneja yule. Ilhali Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni ya kuwapo Serikali za Mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Na fedha ni zetu: mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwenye kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizi. Bodaboda wa Buhongwa anailipa kila anapojaza tangi.

Pendekezo langu ni hili. Uteuzi ubaki kwa wakala, kwa sifa za kihandisi. Ila meneja asithibitishwe kabla baraza halijamsikiliza, na kila mwaka baraza lipige kura juu ya kazi yake, kwa maandishi: barabara ipi, kiasi gani, kilichofanyika ni nini. Akikataliwa miaka miwili mfululizo, aondolewe. Akibadili vipaumbele vilivyopitishwa na kamati, aje aeleze kwenye mkutano wa mtaa unaohusika, siyo kwa barua kwa mkurugenzi. Hilo la mwisho nalishikilia kuliko yote.

Sasa nawaomba mliofanya kazi idara za ujenzi za halmashauri kabla ya 2017 mseme: aliyewabana kweli alikuwa nani, baraza au mkurugenzi? Maana kama baraza halikuwa na meno hata wakati ule, itabidi nianze upya hoja yangu.